Si chumvi, ni chokaa: kuondoa madoa ya maji ya kisima kwenye rangi ya gari

Gari langu ni jeusi. Mwenye gari jeusi hapa Dar anajua adha yake: vumbi la asubuhi linaonekana, alama ya kidole inaonekana, na maji ya kisima yakikaukia juu yake, boneti inageuka ngozi ya kanga. Madoa meupe ya duara, kila moja na ukingo wake, mamia kwa mamia.

Mara ya kwanza yalinitokea saa saba mchana. Niliacha gari sehemu ya kuoshea karibu na ofisi, nikaenda kula. Niliporudi limeoshwa, limeachwa juani lijikaushe, na kijana aliyeliosha yuko kwenye gari la tatu kutoka langu. Nikamwonyesha boneti. "Bosi, hiyo chumvi tu," akasema, akachukua kitambaa kikavu akaanza kusugua. Doa halikutoka. Kilichotoka ni mng'ao: palibaki mikwaruzo midogo ya mviringo ambayo ukiwasha taa ya simu usiku inaonekana kama utando wa buibui.

Tangu siku hiyo neno "chumvi" linanikera, maana ndilo linalotupoteza. Ingekuwa chumvi kweli, ile ya mezani, ungemwagia maji ikayeyuka ikaondoka. Maji ya visima vingi vya pwani yanayo chumvi, ni kweli, ila kinachogoma kwenye rangi ni chokaa. Pwani yetu, kuanzia Mombasa hadi Unguja na baadhi ya sehemu za Dar, imekaa juu ya mawe ya matumbawe, na ni mawe hayohayo wazee walikuwa wakiyachoma kwenye tanuu wapate chokaa ya kujengea. Maji yanapopita chini kwenye mwamba huo huuyeyusha kidogo kidogo na kubeba kalisi, madini yanayofanya chokaa. Ukiyapandisha kwa pampu, ukayamwaga kwenye boneti yenye moto, maji yanapaa na jiwe linabaki. Ni ule ukoko mweupe ulioko ndani ya birika lako la umeme. Hakuna anayekwangua birika kwa kitambaa kikavu, ila kwenye gari tunafanya hivyo kila wiki.

Kwa hiyo mwongozo huu wote umesimama juu ya jambo moja: jiwe huliyeyushi kwa nguvu za mkono. Unaliyeyusha kwa asidi dhaifu, unalisuuza, na kusugua kunakuja mwisho kabisa kama bado kunahitajika.

Kabla hujagusa chochote: doa lako limefika wapi?

Rangi ya gari kutoka kiwandani, tabaka zote pamoja, ni nyembamba kama karatasi ya fotokopi, maikroni 100 hadi 150 hivi. Juu yake ndipo ilipo klia, ile rangi angavu inayotoa mng'ao, na hiyo mara nyingi haifiki hata nusu ya unene huo. Kila unapopiga polishi unaipunguza, na haiotei tena. Ndiyo maana fundi mwenye akili anaanza na njia ya upole kabisa na kupanda taratibu, hata kama mwenye gari amesimama pembeni anamharakisha.

Osha paneli moja, ikaushe, kisha iangalie kwa taa ya simu ukiwa umeinama. Doa likiwa jeupe na ukipitisha kidole unahisi kijipunje, chokaa bado iko juu. Hiyo ni habari njema. Ukitaka kuhisi vizuri zaidi, vaa mkononi kifuko laini cha nailoni kilichobaki kwenye mkate, upitishe vidole polepole juu ya boneti. Kile ambacho kidole kitupu hakikukisikia, kifuko kinakisikia kama mchanga.

Lakini kama hapana weupe, hapana kijipunje, na bado unaona duara kama kikovu, basi klia imelika. Maji yenye madini yamekaa juani muda mrefu hadi yakauma rangi. Kovu la namna hii lina hila yake: ukilowesha linapotea, ukikausha linarudi. Wengi hudanganyika hapo, wanafuta kwa maji wanafurahi, dakika tano baadaye doa liko palepale. Siki haitaliondoa. Hilo ni la polishi, na kama limeingia ndani mno hata polishi itapunguza tu.

Osha kwanza, tena vizuri

Usipake siki juu ya vumbi. Vumbi la Dar ni mchanga, na mchanga ukiuburuta na kitambaa unachora.

Fanya kazi asubuhi na mapema au jua likishazama, gari likiwa kivulini na bodi imepoa. Weka kiganja juu ya boneti. Kama huwezi kukituliza pale kwa raha, subiri. Andaa ndoo mbili, moja ya povu na moja ya kusuuzia sponji kabla hujairudisha kwenye povu. Tumia shampuu ya gari, si sabuni ya unga. Sabuni ya unga imetengenezwa kutoa mafuta kwenye nguo, na nta ikiwa ipo kwenye rangi yako itaondoka nayo. Isitoshe, punje zake zisipoyeyuka zinakuwa msasa. Anza juu, malizia chini. Bampa na chini ya milango viwe na kitambaa chao, kisirudi kwenye boneti.

Ukimaliza, kausha kwa taulo la maikrofaiba. Sasa unaona adui wako waziwazi.

Siki

Nunua siki nyeupe ya kawaida ya dukani, ile ambayo chupa inasema asidi asetiki kama asilimia 5. Siki ya rangi au yenye ladha iachie kachumbari. Changanya nusu siki na nusu maji safi, nitakwambia chini ni maji gani, uweke kwenye chupa ya kupulizia. Vaa glovu kama una kidonda, utanishukuru.

Jaribu kwanza mahali pasipoonekana, kwa mfano kona ya chini ya mlango wa nyuma. Dakika moja, suuza, kausha, angalia. Ikiwa rangi haikubadilika, endelea.

Hapa ndipo wengi hukosea: wanapuliza na kufuta papo hapo. Asidi inahitaji muda wa kula jiwe. Mimi huchukua taulo dogo la maikrofaiba, nalichovya kwenye mchanganyiko, nalikamua kidogo, kisha nalitandaza juu ya madoa kama unavyomwekea mtoto mwenye homa kitambaa cha maji usoni. Dakika mbili hadi tatu. Taulo lisikauke, likianza kukauka, liongezee. Kwenye madoa manene sana ukitega jicho unaweza kuona vipovu vidogo, na hivyo ni gesi ya kabonidayoksaidi inayotoka chokaa inapovunjika. Kisha futa kwa kupitisha taulo polepole upande mmoja bila kukandamiza, umwagie maji mengi, na uende eneo linalofuata. Boneti igawe mara nne. Usiloweshe gari zima kwa mpigo, kwani siki ikikaukia kwenye rangi umebadilisha tatizo tu.

Doa lisipotoka mara ya kwanza, rudia mara ya pili. Mara ya tatu nayo haina ubaya. Baada ya hapo acha, siki imefika mwisho wake.

Kama siki hakuna, ndimu inafanya kazi hiyohiyo kwa asidi ya sitriki, lakini ichuje vizuri kwa kitambaa, maana nyama na sukari yake vinanata. Bora zaidi ni unga wa asidi ya sitriki wanaouza kwenye maduka ya vifaa vya keki: vijiko viwili vya chakula kwenye lita moja ya maji.

Ukishamaliza gari zima, lioshe tena kwa shampuu ili asidi isibaki kwenye mikunjo ya milango na kwenye mipira. Rimu za aluminiamu na vitu vya kromu usiviache na siki muda mrefu.

Na tafadhali: siki isikutane na jiki, iwe kwenye ndoo, kwenye kitambaa au kwenye chupa iliyowahi kuwa na jiki. Asidi ikigusa dawa ya klorini hutoa gesi inayochoma mapafu.

Njia hii inafaa pia kwa matone ya saruji, maana mji huu kila mtaa una jengo linalopanda na saruji nayo ina chokaa. Ila hayo yawahi. Siku ileile, ikiwezekana saa ileile.

Vitu ambavyo utashauriwa na usivifanye

Kuna kijana atakuletea dawa ya kusafishia tailizi na choo. Inatoa madoa, sikatai. Nyingi kati ya dawa hizo zina asidi ya hidrokloriki, ambayo haichagui: inakula chokaa, inakula kromu, inakula rimu, na palipo na mkwaruzo uliofika kwenye bati inaanzisha kutu. Mwingine atasema asidi ya betri "kidogo tu". Mwambie hapana. Stiliwaya hata kwenye kioo usikubali. Dawa ya meno kweli hung'arisha, kwa sababu ina punje za kukwangua, nawe hujui punje hizo ni za ukali gani.

Udongo na polishi

Ukipitisha kile kifuko cha mkate na bado unahisi mchanga, tumia udongo wa kusafishia rangi, ule unaofanana na ubani uliotafunwa, unaouzwa kwenye maduka ya vifaa vya urembo wa magari. Lowesha paneli kwa maji yenye shampuu, ukate kipande, ukilainishe mkononi, ukiteleze bila kukandamiza. Mwanzoni kinakwama na kutoa sauti, baadaye kinateleza kama sabuni kwenye kigae. Kigeuze kila mara kupata upande safi. Kikianguka chini, kitupe, hata kama ni kipya na kimekuuma mfukoni.

Kwa makovu yaliyobaki, polishi. Kabla ya hapo jua una rangi gani. Kwenye Toyota za kutoka Japani kuna kibati ndani ya boneti au kwenye nguzo ya mlango, na kwenye mstari wa rangi utaona namba. Namba 040, ule weupe wa kawaida, kwenye gari nyingi haina klia. Ukipiga polishi kitambaa kinageuka cheupe, usishtuke, ni rangi yenyewe inayotoka, na ndiyo sababu ya kwenda taratibu. Namba 202, nyeusi, ni laini mno, hata kitambaa kibaya kinaichora. Namba yangu ni 202. Sasa unaelewa uchungu wangu.

Pia gari zetu nyingi zimeshapitia kwa fundi rangi angalau mara moja. Paneli iliyorudiwa haina unene wala ugumu wa kiwandani, kwa hiyo usidhani kinachofaa kwenye boneti kitafaa kwenye mlango.

Ukifanya kwa mkono, chukua polishi laini kabisa, ile ya kumalizia, tone la ukubwa wa punje ya njegere kwenye sponji, eneo la sentimita 40 kwa 40. Piga kwa mistari ya kulala, kisha ya kusimama, dakika mbili, futa, angalia kwa taa. Ikitosha, umemaliza, isipotosha ndipo upande ngazi moja ya ukali. Ukitumia mashine, iwe ile inayozunguka huku inatikisika. Ile ya kuzunguka tu kwa kasi, ambayo mafundi bodi wengi wanayo, inatoa mng'ao wa haraka mikononi mwa anayeijua, na kwa asiyeijua inachoma rangi kwenye kingo kabla hajamaliza kupiga chafya. Kingo zote za boneti na milango zifunike kwa utepe wa wapaka rangi.

Kovu likikupungukia kwa asilimia 80, mwachie Mungu iliyobaki. Kulitafuta hadi chini ni kuchimba klia utakayoihitaji miaka ijayo.

Kinga, na ukweli kuhusu "kotingi ya kauri"

Baada ya polishi rangi iko uchi. Ifute kwa spiriti ya isopropili iliyochanganywa na maji, sehemu moja ya spiriti ya asilimia 70 kwa sehemu tatu za maji, ili kutoa mafuta ya polishi, kisha weka kinga siku hiyohiyo.

Nta ya kanauba, inayotoka kwenye majani ya mti fulani wa jamii ya minazi wa kaskazini mashariki mwa Brazil, inatoa mng'ao wa kina na ni rahisi kupaka, ila kwa jua letu ihesabu kwa wiki, si kwa miezi. Kinga ya kutengenezwa kiwandani kwa polima inakaa miezi minne hadi sita. Kotingi ya kauri, kimiminika kinachopakwa kikagandia juu ya rangi kama tabaka gumu, inakaa mwaka na zaidi kama imepakwa na mtu aliyeandaa rangi vizuri. Mimi natumia ya polima. Ni nafuu, naipaka mwenyewe Jumapili, na nikikosea naifuta.

Wauzaji wa kauri watakwambia madoa ya maji yamekwisha. Si kweli. Kauri inafanya maji yasimame kama shanga, na shanga hizo gari likiwa linaenda zinabingirika na kudondoka. Gari likiwa limesimama juani, kila shanga inakauka palepale ilipo, na madini yake yote yanasukumwa pembeni, kama kikombe cha chai kinavyoacha duara mezani. Nimewahi kuona gari lenye kauri na madoa mengi kuliko langu. Faida ya kinga ni kwamba chokaa inashika kinga badala ya klia, na kuitoa ni rahisi.

Gari lililopakwa rangi upya usiliwekee nta mapema. Muulize fundi klia aliyotumia inahitaji wiki ngapi kukauka kabisa.

Maji ya mwisho

Hili ndilo nililochelewa kulijua, na naona lina uzito kuliko dawa zote hapo juu. Siku moja nilichukua kioo cha meza ya vipodozi, nikakiweka juani uani, nikadondosha matone matatu: la kisima, la bomba, na la maji yanayodondoka kutoka kwenye kiyoyozi. Nikaenda kunywa chai. Niliporudi la kisima lilikuwa duara jeupe nene, la bomba lilikuwa na utando mwembamba, na la kiyoyozi ilibidi niinamishe kioo ndipo nione lilipokuwa.

Sababu ni nyepesi. Maji ya kiyoyozi ni mvuke wa hewani ulioganda kwenye koili baridi, hayajapita kwenye mwamba wowote. Kwa joto la Januari pwani, kiyoyozi cha chumba kimoja kinajaza ndoo ndogo kwa usiku. Wengi wanaacha yachimbe ukuta wa jirani. Mimi nimechomeka mpira kwenye ule mrija, unaishia kwenye dumu la lita 20. Nayachuja kwa kitambaa kwa sababu ya vumbi la koili, basi. Usiyanywe. Maji ya mvua nayo ni laini, ila uache mvua ya kwanza ioshe bati kabla hujaanza kukinga. Maji safi ya betri ya dukani yanafaa pia, ila soma chupa mara mbili: duka hilohilo linauza asidi ya betri, na kwenye rafu moja.

Kwa hiyo osha kwa kisima kama huna budi, suuza povu kwa kisima, lakini gari likiwa bado limelowa malizia kwa lita tano sita za maji ya kiyoyozi. Yamimine kwa kopo la kumwagilia bustani lililotolewa kichwa, taratibu, kuanzia juu ya paa, yashuke kama shuka moja badala ya matone. Yanapotiririka yanaburuta matone ya kisima yaliyobaki. Kisha taulo la maikrofaiba: litandaze, livute kuelekea kwako, usisugue. Fungua milango na buti ufute mikunjo, pigapiga vioo vya pembeni maji yaliyojificha yatoke, vinginevyo utakuta michirizi miwili mlangoni kesho yake.

Kioo cha mbele kina kisa chake. Madoa ya zamani kwenye kioo mara nyingi yana silika, ambayo siki haiigusi. Hapo inatakiwa polishi ya vioo yenye oksaidi ya seriamu, kazi ya jioni nzima kwa mkono. Mipira ya waipa ibadilishe kwanza, mengine unayodhani ni madoa ni mikwaruzo yake.

Na ukiwa mahali pa kuoshea gari na huna dumu lako, mwambie kijana maneno mawili kabla hajafungua maji: "Kivulini, na lisikauke lenyewe." Mwongezee elfu moja ya kukausha. Halafu usiende kula.